Umelala Kwa Mafunzo ya Job? Pengine Si Wewe, Ni Chumba

Wasee wangu, wacha nianze na aibu yangu.

Job yangu ya kwanza ilikuwa kol senta, hapa Nai, orofa ya saba. Tulipewa siku nne za mafunzo kabla tuwekwe kwa simu. Tulikuwa wasee 26 kwa chumba cha mikutano kilichojengewa watu 12. Katikati kuna meza moja kubwa ya mbao, ile haisongi hata mkisukuma watu kumi. Madirisha yamefungwa, pazia zimeteremshwa ndio projekta ionekane. Mkufunzi alikuwa jamaa mpole sana, suti safi, na kazi yake ilikuwa kusoma slaidi. Hiyo tu. Slaidi 94, nilihesabu. Siku ya pili, saa nane mchana, ugali na sukuma ikiwa bado inashuka, nilikuwa nimelala macho wazi, ile talanta tulijifunza kwa prepu ya usiku bording.

Siku ya tano nikavalishwa hedifoni. Simu ya kwanza ni mzae amekatwa pesa na anafoka kutoka sekunde ya kwanza. Nikafungua mdomo, hakuna kitu ilitoka. Na ile "hatua tano za kumtuliza mteja" nilikuwa nimeipata alama 9 kwa 10 kwa mtihani wa jana yake! Mzae akauliza kama bado niko kwa laini. Nikamkatia simu.

Wanne kati yetu hawakumaliza miezi ya majaribio. HR akasema hawakuwa serious. Mmoja wao alikuwa mathe wa miaka arobaini na kitu, ameuza mitumba Gikomba karibu miaka kumi na tano. Huyo mama alijua kumshika kastoma mwenye hasira kuliko sisi wote, mkufunzi akiwa ndani. Siku nne nzima hakuna mtu alimuuliza swali hata moja. Alikuwa amekaliwa nyuma ya nguzo, slaidi haoni, na kusema haoni aliona ni kama atasumbua.

Sasa usidhani hii ni story ya usingizi. Sheria ya ajira ya 2007 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, na ukiwa hapo ndani bosi anaweza kukuachisha na notisi ya siku saba tu, ama akulipe hizo siku saba uende. Kwa hivyo ukikosa kushika kile ulifunzwa, hauna muda mrefu wa kujitetea. Rent haijui ulikaa nyuma ya nguzo. Ndio maana mambo ya viti, madirisha na meza, vitu zinaonekana ni za fundi wa mbao, zinafaa zikusumbue wewe uliyeanza job juzi. Na kama wewe ndio umepewa kazi ya kufunza wageni, zikusumbue mara mbili.

Hewa kwanza, mengine baadaye

Mwaka wa 2012 watafiti huko Marekani, wakiwemo wa maabara ya Lawrence Berkeley, walichukua watu 22 wakawaweka kwa chumba ambacho kiwango cha kaboni dayoksaidi kilikuwa kinabadilishwa. Hiyo ni ile hewa unatoa ukipumua. Mara ya kwanza vipimo 600 kwa milioni, mara nyingine 1,000, mara nyingine 2,500. Chumba ni kile kile, watu ni wale wale, kazi ni ya kufanya maamuzi. Kwa 1,000 alama zikaanza kushuka kwa vipengele kadhaa, na kwa 2,500 zikaanguka vibaya. Kuna tafiti zilikuja baadaye hazikupata tofauti kubwa hivyo, kwa hivyo usichukue hiyo namba kama amri ya Mungu. Lakini wewe mwenyewe unajua mathree ya asubuhi ikijaa na madirisha yote yamefungwa juu ya mvua. Kila mtu anasinzia, hata yule aliyelala vizuri.

Sasa chukua chumba cha watu 12, weka 26, funga madirisha masaa mawili. Huyo mkufunzi wetu angekuwa mchekeshaji wa kulipiwa tikiti bado tungelala. Na kinachouma ni kwamba Nai iko juu mlimani, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni ya baridi kiasi karibu mwaka mzima. Kufungua dirisha hapa ni bure. Mombasa sawa, hapo lazima ufikirie feni na kivuli. Lakini Nai? Tulifunga dirisha ndio tuone slaidi, alafu tukalala ndio tusione slaidi.

Dawa ni rahisi na wengi hawaifanyi. Kama lazima uonyeshe kitu kwa ukuta, geuza upande. Projekta ielekee ukuta ambao haupigwi na jua, dirisha ziwe kando ya watu, si mbele yao wala nyuma ya mkufunzi. Hivyo mwanga unaingia na picha inaonekana. Alafu kila dakika arobaini hivi, milango na madirisha wazi, watu wasimame.

Sikio nalo lina shida zake. Vyumba vingi vya ofisi zetu ni tiles chini, kioo kando, saruji juu. Sauti inagonga inarudi, na watu watano wakiongea pamoja unasikia soko ya Muthurwa. Fundi atakuuzia vifaa vya bei, lakini pazia nzito, kapeti kuukuu, hata mablanketi yaliyotundikwa nyuma ya chumba yanameza kelele. Na kama unafunzia chini ya mabati, tafadhali, mvua ikianza acha kuongea. Hakuna mtu anakusikia. Wape kazi ya mikono hadi ipite.

Wale walijua kitambo

Nenda Grogan, ile Kirinyaga Road, usimame nje ya garage yoyote dakika kumi. Utaona makanika ameshika bisibisi ndefu, ncha moja kwa injini, upande wa mpini kwa sikio. Anaskiza. Chuma inabeba mlio hadi kwa sikio lake, na anajua ni bearing gani inalia. Kando yake kuna kijana wa kujifunza. Fundi hamwambii "fungua ukurasa wa kumi na nne." Anampa bisibisi. "Skiza. Sasa skiza hii ingine. Umeona tofauti?" Angalia hilo swali: umeona, na kitu ni cha kusikia.

Shuka Kamukunji, kwa wale wanapiga masanduku ya shule, sufuria na majiko. Nyundo zinakuchanganya mpaka unasahau jina lako. Lakini kijana akikaa hapo miezi anajua kwa mlio tu kama bati imekaa sawa kwa kona. Mkono unajua uzito wa nyundo, pua inajua chuma imechomwa kupita kiasi, jicho linajua rangi. Yote yanaingia pamoja kwa sababu kazi yenyewe iko hapo. Si ati jua kali ni paradiso. Kelele inaharibu masikio, macho yanachomwa na welding bila miwani, na kuna mafundi wanatumia wanafunzi kama punda mwaka mzima. Hizo tuache. Lakini mpangilio wa mahali, venye mtu anajifunza akiwa amesimama karibu na kitu chenyewe, hiyo ni shule.

Serikali pia iliwahi kupatia hii kitu. Kenya Utalii College pale Thika Road ilianzishwa 1975, na ndani yake kuna hoteli, Utalii Hotel. Wanafunzi wanahudumia wageni wa kweli wanaolipa. Ukimwaga supu, umeimwagia mtu. Hakuna slaidi inaweza kukufunza venye trei yenye sahani sita inavuta kifundo cha mkono wako ukizunguka kona.

Mimi nilielewa hii maneno kwa ngozi yangu siku ya mafunzo ya moto. Kampuni ingine, mwaka mwingine. Jamaa wa zimamoto mstaafu alikuja, akaangalia chumba tulichopangiwa, akakataa kuingia. Akatupeleka parking. Akawasha moto kwa karai ya chuma, akatupanga tuwe upande upepo unatoka. Alafu kila mmoja akabeba mtungi. Kwa picha huo mtungi mwekundu unaonekana toy. Umeandikwa kilo 9, lakini hiyo ni unga peke yake, chuma bado haijahesabiwa. Dem mmoja mwembamba akaubeba akasema, "Kumbe ndio hivi?" Hilo swali lilikuwa na maana kuliko siku nzima ya slaidi, kwa sababu siku ya moto sio siku ya kugundua mtungi ni mzito. Ukifinya mkono, unatoa mlio wa kukushtua, na unga unaisha haraka sana, hata dakika haifiki. Wa gesi nao, ile ya kaboni dayoksaidi, ile honi yake ya mbele inapata baridi kali ya kuchoma mkono ukiishika vibaya. Jamaa alitugusisha baada ya kutumia, kwa sekunde moja tu. Mpaka leo mkono wangu unakumbuka mahali pa kushika.

Lakini usidanganywe na "mimi ni mtu wa macho"

Hapa kuna uongo mmoja umezunguka sana kwa ofisi. Unapewa fomu, unajaza maswali kumi na tano, alafu unaambiwa wewe ni mtu wa kujifunza kwa macho, yule ni wa masikio, huyu ni wa mikono. Alafu kila mtu anataka afunzwe kwa njia yake. Inasound poa. Shida ni kwamba mwaka wa 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia utafiti uliokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba ukimfunza mtu kulingana na hiyo "aina" yake anashika zaidi. Watu wana mapendeleo, ndio. Mimi napenda chapo kuliko githeri, lakini mwili hauchagui protini kulingana na mapendeleo yangu.

Kinachochagua njia ni kitu chenyewe kinachofunzwa. Mlio wa injini unafunzwa kwa sikio, hata kama fomu ilisema wewe ni wa macho. Uzito wa mtungi ni mkono. Ramani ya mahali stoo iko ni jicho na miguu. Na sauti ya kastoma amekasirika, mzae yule wangu, hiyo ni sikio na mdomo, na ikiwezekana moyo ukidunda kidogo.

Na kuna jambo lingine linauma wapenzi wa slaidi. Richard Mayer, profesa wa Marekani aliyechunguza mambo haya miaka mingi, alionyesha kwamba picha na maneno pamoja hushinda maneno peke yake. Hiyo tunajua. Lakini alionyesha pia kwamba ukiweka picha, uiongelee, alafu uandike maneno yale yale chini uwe unayasoma, watu wanashika kidogo zaidi. Jicho limegawanywa, linakimbizana na mdomo wako. Sasa fikiria slaidi haina hata picha, ni aya tupu, na mtu anaisoma kwa sauti. Hizo 94 zetu ndizo hizo. Tungepewa karatasi tukasome kwa mathree tukienda home.

Kwa hivyo mtu akikuambia chumba cha hisia nyingi, asikuletee rangi kumi ukutani, mishumaa ya kunukia na muziki wa lo-fi. Hiyo ni salon. Vitu vingi vinavyopiga kelele pamoja vinachosha tu, na kuna watu wengi, wale hawapendi mwanga mkali au vurugu, wataumia kimya kimya. Hisia nyingi maana yake ni kwamba kila kitu kilichomo kinakugusisha kazi yenyewe. Kama haihusiani na kazi, toa nje.

Tulifanya hivi kwa stoo

Siku hizi niko kampuni ingine, na mwaka uliopita mimi na wenzangu wawili tulipewa jukumu la wageni. Hakukuwa na bajeti ya maana. Tulipewa stoo ya chini yenye makaratasi ya zamani na printa tatu zilizokufa.

Kitu cha kwanza tulikataa ni ile meza kubwa. Tukachukua meza ndogo, mbili mbili watu wanakaa, tukamwambia fundi azitie magurudumu yenye breki. Breki ni muhimu, tulijifunza baada ya chai kumwagika. Viti vya plastiki vinavyobebana. Saa ya kuongea na wote, meza zinasukumwa ukutani na viti vinakuwa duara. Saa ya kazi, meza zinajiunga nne nne. Tulijipima: kubadilisha chumba kulituchukua dakika tano mara ya kwanza, na sasa wageni wenyewe wanafanya kwa mbili, na hapo usingizi pia umeenda. Kama kubadilisha inachukua robo saa, hakuna mtu atabadilisha, niamini. Chumba kitabaki vile kilikuwa Jumatatu.

Duara sio ya urembo. Malcolm Knowles, yule Mmarekani aliyeandika sana kuhusu watu wazima kusoma miaka ya sabini, alisisitiza kwamba mtu mzima anakuja na maisha yake, na hayo maisha ni kitabu. Safu za viti zinasema mwenye akili ni mmoja, yuko mbele. Kwa duara, yule mathe wa Gikomba angeonekana. Mtu angemuuliza, "Mama, wewe kastoma akikurudishia nguo imechanika unamwambia nini?" na tungepata hatua saba badala ya tano.

Kuta tukazipaka nyeupe, tukabandika karatasi kubwa kubwa, mtu yeyote anaandika. Kona moja tukaweka vitu vya kazi: simu za kweli zisizo na laini, hedifoni, fomu, kompyuta moja yenye mfumo wa majaribio ambao ukiharibu hakuna kitu inaharibika. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu kupata, si juu ya pesa, ni juu mtu wa IT alikuwa anaogopa. Kwa mtu mzima aibu ni adui mkubwa. Hawezi jaribu kitu mbele ya vijana wa miaka ishirini na mbili kama kukosea kutaonekana kwa skrini ya wote. Ndio tukaweka pia kona ya kimya, pazia moja, meza moja, unarudia peke yako hadi uivishe.

Makosa tulifanya. Soketi zote ziko upande mmoja, kwa hivyo waya zikapita katikati na mtu nusura avunje jino. Na chumba kiko chini kwa ngazi sita. Tulikuwa tushamaliza kupaka rangi ndio mwenzetu anayetumia kiti cha magurudumu akauliza kwa upole tu, "Na mimi napitia wapi?" Tulinyamaza wote. Ramp ilitengenezwa wiki mbili baadaye, ya mbao, na ingefaa kuwa kitu cha kwanza. Kwa mgeni asiyesikia vizuri nalo duara lilisaidia kuliko tulivyofikiria, kwa sababu anaona midomo na mikono ya kila mtu, mradi mwenye kuongea asisimame na dirisha mgongoni.

Bosi akisema hakuna doo, mkumbushe polepole kuhusu NITA, mamlaka ya mafunzo viwandani. Waajiri wanafaa kulipa ushuru wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na wakifunza watu wao kwa kufuata taratibu za NITA wanaweza kuomba warudishiwe gharama. Kuna kampuni zinalipa mwaka baada ya mwaka na hazijawahi omba kitu. Hiyo ni kama kununua bando na kuzima data.

Wiki jana kulikuwa na manzi mgeni, siku yake ya pili. Tulikuwa tumerekodi mmoja wetu akiigiza mzae anayefoka, na nyuma tukaweka kelele ya ofisi ikiwa imejaa. Akavaa hedifoni kwa kona ya kimya. Mara ya kwanza akaganda, nikaona mabega yake yakipanda, nikajua kabisa anahisi nini. Akatoa hedifoni, akatuangalia kama anangoja kukaripiwa. Hakuna mtu alisema kitu. Mwenzangu akaenda akafungua dirisha. Manzi akabonyeza tena kutoka mwanzo, na mara ya tatu tukamsikia akisema, sauti chini, "Pole sana mzee, hebu niambie ilianza lini."